Matamshi ya watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Nairobi

Maswali haya huulizwa na wazazi, walezi na walimu wa chekechea jijini Nairobi, na majibu yake yanahusu watoto wa kati ya miaka miwili na sita, ambao wameanza kusema lakini bado hawatamki kama watu wazima. Wazo moja limepita katika karibu kila jibu: mtoto hakosei ovyo. Makosa yake hufuata kanuni, na anayetaka kujua iwapo kuna tatizo hana budi kuisikiliza kanuni yenyewe, kisha aipime kwa lugha zinazosemwa nyumbani kwa mtoto huyo. Idadi ya makosa peke yake haimwelezi mengi.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Kuku humwita «tutu» na gari huliita «dali». Je, ana kasoro?

Kwa umri huo, hapana. Sauti k na g hutamkwa kwa kuinua sehemu ya nyuma ya ulimi hadi kwenye kaakaa laini, ilhali t na d hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa ufizi. Watoto wengi, katika lugha nyingi za dunia, humudu kwanza sauti za mbele ya kinywa na huzitumia mahali pa zile za nyuma. Angalia kwamba mwanao hakubadilisha k pekee. Amebadilisha na g pia, kwa namna ileile. Hiyo ni kanuni moja. Katika «dali» kuna kanuni ya pili, kwa kuwa r imekuwa l. Kanuni ya kwanza kwa kawaida hupotea yenyewe kabla mtoto hajafika miaka minne, na ile ya r inaweza kudumu zaidi.

Mtoto anayefanya kinyume chake, yaani anayesema «kaa» akikusudia taa na «kika» akikusudia tita, ni nadra zaidi. Huyo ningependa aonwe na mtaalamu mapema hata kama maneno yake ni machache.

Ni kanuni zipi nyingine zinazosikika kwa watoto wanaojifunza Kiswahili?

Ziko kadhaa, na baadhi yake zinatokana na umbo la Kiswahili chenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo sikio la mtoto huzinasa silabi mbili za mwisho na kuziacha zilizotangulia. Kitabu huwa «tabu», samaki huwa «maki», chapati huwa «pati». Kwa vitenzi mambo huchanganyika, kwa sababu kinachoachwa mwanzoni mara nyingi ni kiambishi chenye maana: nataka huwa «taka». Mtaalamu wa isimu Kamil Deen, aliyewachunguza watoto wanne wa Nairobi wakijifunza Kiswahili, alionyesha kwamba kuacha viambishi vya nafsi na vya njeo ni jambo la kawaida katika hatua za mwanzo. Kwa hiyo «taka» si lazima liwe suala la matamshi. Huenda ni sarufi inayoendelea kujengeka.

Kanuni nyingine inahusu sauti f, v, s na z, ambazo hutamkwa kwa kupitisha hewa katika mwanya mwembamba. Kuufanya mwanya huo usizibike kabisa kunahitaji udhibiti mkubwa wa ulimi na midomo, na mtoto mdogo huishia kuuziba. Ndipo soda inakuwa «toda», viatu vinakuwa «biatu» na zawadi inakuwa «dawadi». Sauti sh, ch na j nazo husogezwa mbele, kwa hiyo shati huwa «sati», chai huwa «tai» na juisi huwa «duisi». Kundi la nazali (sauti za puani kama m na n) na konsonanti hupunguzwa: ndege huwa «dege», mbuzi huwa «buzi». Vivyo hivyo kwa w inayofuata konsonanti, maana mwalimu huitwa «malimu» na twiga huitwa «tiga».

Iko pia kanuni inayowashangaza wazazi kuliko zote, ambapo konsonanti moja ya neno huivuta nyingine ifanane nayo. Mtoto anaweza kutamka p vizuri kabisa katika pole na papai, lakini paka akamwita «kaka», kwa sababu k iliyo katikati imeivuta p ya mwanzo. Mzazi akisikia hivyo hudhani mtoto ni mzembe, kwa kuwa sauti hiyo «anaijua». Si uzembe. Ni kwamba neno zima hupangwa kwa pamoja kabla halijatoka kinywani.

Ugumu huzidi kanuni kadhaa zinapokutana katika neno moja. Chukua mandazi. Silabi ya mwanzo ikiachwa, n ikidondoshwa na z ikazibwa ikawa d, kinachosikika ni «dadi». Jirani anayesikia «dadi» hawezi kubashiri kwamba mtoto anaomba mandazi, na huondoka akiamini kwamba mtoto huyo hasemi kitu cha kueleweka. Kumbe kanuni ni tatu tu, na kila mojawapo ni ya kawaida kwa mtoto wa miaka miwili.

Je, mtoto hajui kwamba amekosea?

Mara nyingi anajua neno sahihi lilivyo, lakini hawezi kulitoa. Mwaka 1960, Jean Berko na Roger Brown wa Marekani walieleza kisa cha mtoto aliyekuwa na samaki wa kuchezea, ambaye alilitamka jina lake la Kiingereza kwa s badala ya sh. Mtu mzima alipomwiga na kusema kwa s, mtoto alikataa katakata, akishikilia kwamba samaki wake haitwi hivyo. Alipolisikia kwa sh, alikubali mara moja, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kutamka s. Jambo hilohilo unaweza kulishuhudia nyumbani kwako ukimwambia mtoto anayesema «sati» akuletee «sati». Kwa hiyo kumwambia mtoto «sikiliza vizuri» mara nyingi hakumsaidii, kwani amekwisha kusikia.

Kufikia umri gani matamshi yawe yamekamilika?

Mwaka 2018, Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu watoto wanaozungumza lugha 27 katika nchi 31. Walikuta kwamba kufikia umri wa miaka mitano, watoto hutamka kwa usahihi takriban asilimia 93 ya konsonanti za lugha yao. Zinazobaki kwa kawaida ni zile ngumu, zikiwemo r ya kutetemesha ulimi na sauti kama th na dh. Kwa Kiswahili, irabu tano za a, e, i, o na u hukaa sawa mapema sana, na sauti p, b, m, n, t, d, w na y ndizo zinazotangulia kwa watoto wengi. Silabi za Kiswahili, ambazo karibu zote huishia kwa irabu, pia humpunguzia mtoto mzigo ambao mwenzake anayejifunza Kiingereza anao, wa konsonanti zinazorundikana mwisho wa neno.

Katika maisha ya kila siku, kueleweka kuna maana kuliko sauti mojamoja. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mtu asiyemfahamu mtoto aelewe karibu nusu ya maneno yake akiwa na miaka miwili, robo tatu akiwa na mitatu, na karibu yote akiwa na minne au mitano. Hakikisha unayeuliza ni mgeni kweli. Mama na yaya hawafai kuwa waamuzi hapa, kwa sababu wamekwisha kujifunza lugha ya mtoto bila kujua. Mwaka 2012 McLeod na wenzake nchini Australia walitunga maswali saba mafupi ambayo mzazi hujibu kwa kiwango cha 1 hadi 5, wakiuliza ni mara ngapi mtoto hueleweka na wazazi wake, watu wa nyumbani, jamaa wengine, marafiki, watu wanaofahamiana naye, walimu na wageni. Unaweza kujiuliza hayo leo jioni. Je, nyanya akija kutoka mashambani anamwelewa? Je, mwenye duka la mtaani anamwelewa akiagizwa maziwa?

Nyumbani tunasema Kikamba, yaya anasema Kiluhya, mtaani ni Sheng na shuleni ni Kiingereza. Je, lugha nyingi ndizo zinazomchelewesha?

La. Lugha nyingi hazisababishi ugonjwa wa matamshi, na kumnyang'anya mtoto lugha mojawapo hakuuponyi. Mtoto wa Nairobi anayekua katika lugha tatu anaweza kuwa na msamiati mdogo katika kila moja, lakini ukijumlisha maneno yote anayoyajua utamkuta yuko sawa na wenzake. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu wazazi wengi wameshauriwa waache lugha ya nyumbani na kubaki na Kiingereza pekee, na matokeo yake ni mtoto anayeshindwa kuzungumza na babu yake, huku matamshi yake yakibaki palepale.

Lugha nyingi zina faida moja kubwa kwa uchunguzi. Iwapo mtoto anabadilisha k kuwa t katika Kiswahili, katika Kikamba na katika Kiingereza, basi kanuni ni ya mtoto. Iwapo anafanya hivyo katika lugha moja tu, huenda hajaizoea lugha hiyo bado.

Nitatofautishaje kosa la utoto na lafudhi ya nyumbani?

Hapa ndipo makosa ya tathmini hutokea zaidi jijini, na pengine hata mtaalamu aliyefunzwa kwa vitabu vya ng'ambo akateleza. Gikuyu haina sauti l, kwa hiyo mtoto anayelelewa na wasemaji wa Gikuyu anaweza kusema «rara» badala ya lala. Huyo hana kosa lolote; anasema kama nyanya yake. Lakini mtoto wa nyumba hiyohiyo akisema «lafiki» na «halaka», ameenda kinyume cha lafudhi ya nyumbani, na hiyo ndiyo kanuni ya utoto. Kijaluo hakina sh, hivyo «sule» na «samba» katika familia ya Wajaluo huenda zikadumu hadi utu uzima pasipo mtu kuwa mgonjwa. Kisomali hakina p wala v, na mtoto wa Eastleigh anayesema «bikibiki» akimaanisha pikipiki ameiga vyema watu waliomzunguka. Katika lugha za Kikalenjin, p na b, t na d, k na g hazitofautishi maana, na tofauti hizo hujifunzwa baadaye pamoja na Kiswahili. Kuhusu th na dh, watu wazima wengi wa Nairobi husema «selasini» na «zahabu», na sioni sababu ya kumdai mtoto wa miaka minne kile ambacho mwalimu wake hakitamki.

Njia ya kuamua ni nyepesi: mwombe mtu mzima anayeshinda na mtoto aseme maneno yaleyale, kisha ulinganishe. Ikiwa anayeshinda naye ni yaya, basi msikilize yaya.

Nianze kuchunguza nini kwanza?

Masikio, hata kama una hakika kwamba mtoto anasikia. Mtoto anaweza kugeuka akiitwa, akacheza muziki ukipigwa, na bado asizisikie vizuri sauti hafifu kama s, f na sh. Mafua ya mara kwa mara huweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki nyingi bila maumivu, na katika muda huo mtoto husikia kama mtu aliyezibwa masikio kwa pamba. Sikio linalotoa usaha linahitaji tiba mara moja. Kulitia mafuta au maji ya majani ni kuliongezea madhara. Omba kipimo kamili cha usikivu kwa mashine, kwani kunong'ona nyuma ya kichwa chake hakutoshi.

Tumeambiwa ana ulimi uliofungwa, na wengine wanasema akatwe kimeo. Tufanye nini?

Kimeo asikatwe. Desturi hiyo ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa imani kwamba inatibu kikohozi, kutapika au kuchelewa kusema, lakini haina manufaa yoyote kwa matamshi na imewahi kuleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi na hata vifo.

Ulimi uliofungwa ni jambo jingine. Ni ngozi nyembamba chini ya ulimi ambayo ni fupi kuliko kawaida. Inaweza kumtatiza mtoto mchanga anaponyonya, lakini haichelewishi kuanza kusema, na watoto wengi wenye ngozi hiyo hutamka vizuri. Jiulize: kama ulimi ndio tatizo, mbona anaweza kutamka t, d, n na l, ambazo zote zinahitaji ncha ya ulimi kuinuka, na akashindwa k, ambayo haiihitaji? Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo au mtaalamu wa usemi kabla ya kukubali upasuaji.

Ni dalili gani zisizopaswa kungojewa?

Mtoto anayekosea irabu, kwa mfano anayesema «bobo» kwa baba, asingojewe. Vivyo hivyo mtoto anayelitamka neno lilelile kwa namna tofauti kila mara, kwa sababu hapo hakuna kanuni inayosikika, na ukosefu wa kanuni ndio unaotia wasiwasi. Huenda ubongo unatatizika kupanga mienendo ya kinywa. Mtoto ambaye hewa humtoka puani anaposema p, b au s anahitaji kukaguliwa kaakaa, kwani kaakaa linaweza kuwa limepasuka chini ya ngozi pasipo kuonekana kwa jicho. Mtoto aliyekuwa akisema kisha akaacha aonwe na daktari bila kuchelewa. Ongeza hapo mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, na yule wa miaka mitatu ambaye watu wa nyumbani kwake wenyewe hawamwelewi.

Kuacha konsonanti ya mwanzo, kama «aka» kwa paka, huhesabiwa kuwa dalili mbaya kwa watoto wanaosema Kiingereza. Hata hivyo, watoto wanaojifunza Kifini huziacha mara nyingi katika maneno yao ya kwanza na hawana tatizo. Kwa mtoto wa Kiswahili aliyepita miaka mitatu, ningependa kanuni hiyo ichunguzwe, bila kutangulia kumwita mgonjwa.

Nimrekebishe vipi anapokosea?

Mrudishie neno likiwa sahihi, katika sentensi yenye maana, kisha mazungumzo yaendelee. Akisema «tutu amelala», mjibu, «Ndiyo, kuku amelala. Kuku huyu ni mkubwa.» Amelisikia neno mara mbili na hajaaibishwa. Usimwamuru arudie, usimzuilie chakula hadi aseme sawasawa, na usimwigize mbele ya wageni hata kama sauti yake inapendeza. Darasani, mwalimu anayewaacha wenzake wamcheke mtoto humfunza kunyamaza, na mtoto anyamazaye hapati mazoezi. Usipomwelewa, mwambie akuonyeshe kwa mkono. Ni heshima kubwa kuliko kujifanya umeelewa.

Je, mazoezi ya kupuliza puto na kuzungusha ulimi yanasaidia?

Utafiti hauungi mkono mazoezi hayo kwa ajili ya matamshi. Mtoto hujifunza kutamka kwa kutamka.

Na kigugumizi?

Ni suala tofauti. Kigugumizi hukatiza mtiririko wa maneno kwa kurudia au kukwama, wakati matatizo tunayoyajadili hapa yanahusu sauti zipi zinazotumika. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili, na kila moja hutibiwa kivyake.

Nimpeleke wapi hapa Nairobi?

Anza na kliniki ya watoto unayoizoea, ukiwa na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kwa kuwa kina ukurasa wa hatua za ukuaji na kumbukumbu za magonjwa aliyougua. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina huduma za masikio na usikivu. Kwa upande wa elimu, Kenya imekuwa na vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache nchini na wengi wao wako jijini, kwa hiyo weka miadi mapema badala ya kungoja mwaka wa shule uanze. Kabla ya kwenda, rekodi kwa simu dakika chache za mtoto akicheza na kuongea na mtu anayemzoea, maana watoto wengi hunyamaza kimya wakifika mbele ya mtu mgeni.

Mtaalamu atafanya nini hasa?

Atamwonyesha mtoto picha na kuandika anachotamka, ili aipate kanuni. Kisha, kwa watoto wengi, atatumia maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Mtoto anayebadilisha k kuwa t atawekewa picha ya kaa na picha ya taa. Akiomba kaa akasema «taa», atapewa taa, na atagundua kwamba sauti yake imempa kitu asichokitaka. Anayeziba f atapewa fua na pua. Anayegeuza r kuwa l atapewa kura na kula. Faida ya njia hii ni kwamba kanuni ikivunjika katika maneno machache, mara nyingi huvunjika pia katika maneno ambayo hayakufunzwa, na ndiyo sababu hakuna haja ya kumfundisha mtoto neno mojamoja la lugha nzima. Mzazi hupewa kazi ya dakika chache kila siku nyumbani, na kazi hiyo ikiachwa, tiba huenda polepole mno.

Ataanza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, mwakani. Je, matamshi yatamwathiri katika kusoma na kuandika?

Inategemea umri na kanuni iliyobaki. Mtoto wa miaka minne anayesema «lafiki» pekee hana cha kuhofia. Yule anayefika miaka mitano na nusu akiwa bado na kanuni kadhaa zisizoeleweka na wageni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kutatizika kusoma, hasa ikiwa uelewaji wake wa lugha nao ni dhaifu. Kwa Kiswahili, ambacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, dalili huonekana wazi daftarini: mtoto anayesema «tutu» huandika tutu. Mwonyeshe mwalimu kanuni ya mtoto tangu wiki ya kwanza, umweleze kwamba anajua neno kuku ni lipi, na umwombe asimkatie alama za kusoma kwa sauti hadi kanuni hiyo itakapokuwa imeshughulikiwa. Nyumbani, mchezo wa kupiga makofi kwa kila silabi ya jina lake na majina ya wenzake humsaidia kuzisikia zile silabi za mwanzo alizokuwa akiziacha.